Nadharia ya urubani kwa masafa, nikiwa Likoni

Kabla ya kulipa hata shilingi, nilimpigia simu kapteni mmoja anayefundisha urubani Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Nilikuwa na majina ya vyuo vinne vya ng'ambo vinavyofundisha nadharia kwa masafa na nilitaka anichagulie kimoja. Hakuuliza bei. Aliniuliza, "Ndugu yangu, leseni unataka ya wapi?" Nikabaki kimya. Nilidhani nadharia ni nadharia.

Kumbe EASA, wakala wa usalama wa anga wa Umoja wa Ulaya, wana mitihani yao, Uingereza wana yao tangu walipojitoa EASA mwisho wa 2020, na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, nao wana yao. Kama unataka leseni ya Kenya, anza kwa KCAA, uwaulize kwa maandishi ni chuo gani wanakitambua. Mimi nilitaka ya EASA kwa kuwa dada yangu anaishi Uholanzi, basi vyuo viwili vya Uingereza nikavifuta papo hapo. Nilichokichagua sikitaji, maana nina malalamiko nacho.

Jambo ambalo matangazo hulipitia juu juu ni kwamba kozi hizi si za masafa matupu. Kozi ya ATPL, leseni ya marubani wa mashirika ya ndege, ni saa 650 kwa uchache, na asilimia 10 kwa uchache lazima iwe darasani, ana kwa ana. Ni saa 65, kwao si kwako. Chuo kilichokuwa rahisi kwa ada kilizigawa kwa safari tatu. Changu kwa safari mbili. Weka tiketi na viza juu yake, uone kipi kilicho rahisi.

Programu ya chuo changu sina neno nayo. Napakua somo usiku bando likiwa na nafuu, nasoma kwenye feri asubuhi nikienda kazini, hata stima ikipotea mtaani siathiriki. Video ni ndefu mno, lakini maswali ya mazoezi yamepangwa vizuri.

Sasa malalamiko. Darasa la mtandaoni lilikuwa saa kumi na mbili jioni kwa saa za kwao, ambazo kwetu zilikuwa saa mbili usiku. Jumapili ya mwisho ya Machi Ulaya wakasogeza saa mbele, na barua pepe ya ukumbusho haikutaja lolote. Jumanne nikaingia saa mbili kama kawaida, mwalimu anaaga. Na somo la wiki ile, wallahi, lilikuwa la UTC, saa za marejeo za dunia nzima, na kubadilisha saa! Niliandika kulalamika, nikajibiwa kwamba rekodi ipo.

Kilichonifanya nisiondoke ni mwalimu wa navigesheni. Nilimwandikia kwamba hesabu zangu za muunganiko wa meridiani (convergency, yaani pembe kati ya mistari ya longitudo ya sehemu mbili) kutoka Mombasa hadi Mahé, Shelisheli, zinatoka ndogo ajabu, digrii 1.2 tu, nikadhani nimekosea. Kesho yake alinitumia picha ya karatasi aliyoichora kwa mkono: tofauti ya longitudo kama digrii 16, mara sine (ile ya hesabu za pembe) ya latitudo ya kati, ambayo kwetu ni digrii nne na kitu. "Uko sahihi," aliandika. "Tofauti hiyohiyo ya longitudo kwenye latitudo 50 ingekupa digrii 12. Vitabu vyetu vimeandikwa na watu wa huku Ulaya." Chuo kingine nilichokijaribu bure kilinijibu swali kama hilo baada ya siku tisa, kwa kunitumia kiungo cha ukurasa wa kitabu.

Mitihani ni 13, kila mmoja unatakiwa asilimia 75, na ukishaanza una miezi 18 kuimaliza. Nimefaulu minne. Wa hali ya hewa nimepata 71. Kaskazi na kusi sikukosa hata swali moja, ila barafu kwenye mabawa imeniangusha, na mimi barafu nimeizoea kwenye madafu tu. Narudia mwezi wa kumi, safari ileile ya darasa la pili, nisilipe tiketi mara mbili.

Nyota tatu na nusu.