Sabufa ya kuongezea muziki wa nyumbani: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Hapa Tabora ukimwambia mwenye duka kwamba unataka sabufa, atakushushia seti nzima, yaani kasha la besi pamoja na spika zake ndogo. Mwongozo huu ni wa mtu mwingine, yule ambaye tayari ana amplifaya na spika mbili nzuri, lakini akipiga rumba au rekodi za zamani za Tabora Jazz husikia gitaa la besi limekonda, kana kwamba mpigaji amesimama uani. Uzi mnene wa gitaa hilo hutoa sauti ya hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na spika za inchi 4 au 5 kwa kawaida huishiwa pumzi kabla ya kufika huko.

Ninayoiweka ya kwanza ni sabufa, yaani spika ya besi pekee, ya inchi 10 yenye amplifaya yake ndani na kasha lililozibwa pande zote. Sebule ya futi 12 kwa 12 huvimbisha besi ya karibu na hezi 47, na kwa kuwa urefu na upana wake ni sawa, uvimbe huo huwa mkubwa zaidi, ndiyo maana noti moja hunguruma huku jirani zake zikimezwa. Kasha lililozibwa hupunguza besi taratibu kadiri inavyoshuka, kwa hiyo kinachoongezwa na chumba hufidia kinachopungua kwenye kasha.

Ya pili ni sabufa mbili za inchi 8 za aina hiyohiyo, zikitazamana kutoka kuta mbili. Kwa usawa wa sauti zinaishinda ile ya kwanza. Zimeshuka kwa sababu ya bei tu.

Ya tatu ni yenye tundu kwenye kasha, ambayo hutoa mshindo mkubwa kwa wati zilezile na hufaa ukumbi au baraza, ila katika chumba kidogo utasikia zaidi dari na bati kuliko muziki. Ya nne ni isiyo na amplifaya ndani, kwani itakulazimu kununua amplifaya nyingine na kichujio cha sauti. Seti ya dukani ni ya mwisho: spika zake ndogo huna kazi nazo, na wati zilizoandikwa kwenye boksi lake mara nyingi ni za kutia chumvi.

Kabla ya kulipa, geuza kasha utazame nyuma. Pawe na kitufe cha kuchagua mpaka wa besi, yaani sabufa ipige sauti za chini ya hezi ngapi, ambacho utaanzia hezi 80, swichi ya fezi, yaani ya kugeuza mtetemo wa sabufa uende pamoja na wa spika, na matundu ya kupokea waya za spika, kwa maana amplifaya nyingi za zamani hazina tundu la sabufa. Ukifika nyumbani, iweke sabufa kwenye kiti unachokalia, piga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka noti kwa noti, kisha zunguka ukiwa umeinama kando ya kuta. Pale ambapo kila noti inasikika kwa nguvu sawa, ndipo pa kuiweka.