TAHADHARI: Usitume dipoziti kwa sababu umeonyeshwa maegesho

Wanaotafuta nyumba Nairobi na viungani mwake, kama Roysambu, Mirema, Kasarani, hata Ruaka na Syokimau, someni haya kabla ya kutoa pesa. Kuna matapeli wanaojifanya maajenti, na chambo chao ni maegesho. Tangazo husema "vyumba viwili, gari linalala ndani ya geti, kamera, maji kila siku", na kodi imewekwa chini kidogo ya bei ya mtaa.

Tapeli hukodi nyumba ya Airbnb kwa siku mbili tatu. Mgeni wa aina hiyo hupewa ufunguo na nafasi ya gari, kwa hivyo soja humfungulia geti bila maswali. Atakupeleka saa nne asubuhi au saa nane mchana, wapangaji wakiwa kazini na uwanja mtupu, akuonyeshe nafasi "yako". Kisha atasema kuna mtu anakuja jioni na pesa taslimu, utume upesi dipoziti, kodi ya mwezi wa kwanza na ada ya maegesho. Nyumba hiyohiyo anaionyesha watu wengine siku hiyo. Siku ya kuhama mnakutana getini na vitu vyenu, na ndani kuna mgeni mwingine.

Ukiingia, kagua. Kisanduku cha ufunguo chenye tarakimu mlangoni, karatasi ya Wi-Fi ukutani, na "fanicha zitatolewa wikendi" ni dalili mbaya. Fungua kabati la jikoni: vikombe vinne vinavyofanana, hakuna unga, hakuna sufuria hata moja yenye masizi. Hapo hapaishi mpangaji anayehama. Muulize soja, ajenti akiwa mbali, nyumba hiyo hukaa nani na kodi hulipwa kwa nani.

Wale wa kudai Sh500 au Sh1,000 za kuonyeshwa nyumba kabla ya kukutana, achana nao. Ukishatuma, simu haishikwi tena.

Kuna pia nyumba ya kweli yenye uongo wa maegesho, na huu huumiza kwa muda mrefu kwa sababu umeshasaini. Nenda mwenyewe saa tatu usiku, ikiwezekana Jumapili. Hesabu mita za stima kwenye ubao wake, kisha hesabu nafasi za magari. Mita 40 na nafasi 15 maana yake ni anayewahi ndiye anayeegesha. Beba futi ya fundi: nafasi inayofaa ni kama mita 2.5 kwa 5. Gari la Toyota Probox lina upana wa karibu mita 1.7, kwa hivyo likibanwa na nguzo pande zote mbili mlango haufunguki vizuri. Nafasi iliyo nje ya geti usiihesabu kabisa. Mara nyingi hiyo ni ardhi ya barabara, na ukiona X nyekundu ukutani ujue ubomoaji unaweza kufika.

Mkataba utaje namba ya nafasi yako, kama inalipiwa, na nani atamwondoa mwingine akiegesha hapo. Ahadi ya mdomo haitakusaidia gari la jirani likishakaa hapo.

Kuhusu malipo, jina linalotokea M-Pesa kabla ya kuthibitisha lilingane na kitambulisho na mkataba. "Tuma kwa laini ya mke wangu" ni sababu tosha ya kuondoka. Anayejiita ajenti aonyeshe usajili wake wa Estate Agents Registration Board, bodi iliyowekwa na sheria, nawe ulitafute jina lake kwenye orodha yao.

Kama tayari umetuma, peleka ujumbe wa M-Pesa kwa namba 456 ya Safaricom papo hapo, maana pesa zikishatolewa kwa wakala ni vigumu sana kuzirudisha. Kisha nenda kituo cha polisi uchukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), ukiwa na ujumbe huo, namba ya simu aliyotumia na picha ya tangazo. Mazungumzo ya WhatsApp usiyafute.