Uzoefu wangu: mazungumzo na matembezi ya kikundi cha historia Kilwa Kisiwani

Nakipa kikundi hiki nyota 4 kati ya 5. Ni kikundi kidogo cha wanakijiji wa Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale pwani ya kusini ya Tanzania, na walimu wachache wa Kilwa Masoko, mji wa bara ng'ambo yake. Huandaa mazungumzo ya historia jioni, baada ya alasiri, na matembezi ya magofuni asubuhi inayofuata. Nyota ya tano nimeibana kwa sababu ya ratiba: safari zao wanazipanga kwa kalenda ya ukutani, na Kilwa safari hupangwa kwa mwezi wa angani. Nitalirudia chini.

Wageni wengi hutaka kulipia matembezi peke yake. Inaruhusiwa, lakini wanaofanya hivyo huzunguka saa tatu juani wakiona kuta. Ukitaka kubana matumizi, bana kwingine. Mazungumzo ya jioni ndiyo yanayokupa macho ya kutazamia kesho yake.

Yaliyo bora kuliko yote ni yale ya ujenzi. Mzungumzaji ni fundi mzee, na haji na picha. Anaweka mezani jiwe la mwamba wa pwani lenye matundu, kipande cha tumbawe laini kilichotupwa ufukweni na mawimbi, na bonge la chokaa. Kisha anakupa kisu ukwangue. Jiwe la mwamba linagoma, tumbawe linatoa unga. Hapo unaelewa kwa nini kuta zenyewe ni mawe magumu yasiyochongeka, yaliyoshikanishwa kwa chokaa nyingi, ilhali miimo ya milango, matao na mihrabu ni tumbawe lililochongwa kwa ustadi. Tumbawe huchongwa likiwa bichi, limetoka majini karibuni. Likishakauka hukaza, na fundi aliyechelewa huumia.

Chokaa anaieleza hatua kwa hatua. Magogo hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati pakiachwa uwazi wa kutilia moto, na mawe ya matumbawe hurundikwa juu. Moto ukishakula magogo yote, yanabaki mawe meupe mepesi. Hayo hayatumiki siku hiyo. Huachwa miezi kadhaa yanyeshewe na kunywa unyevu mpaka yavunjike yawe unga laini. Chokaa iliyoharakishwa hubaki na chembe ambazo hazijanywa maji. Zikishapakwa ukutani ndipo zinapovimba na kurusha lipu. Ukiona ukuta una vidonda vidogo vya duara, mara nyingi sababu ni hiyo. Anaonyesha pia ubaya wa kuziba nyufa za magofu kwa saruji: saruji ni ngumu kuliko tumbawe na hairuhusu ukuta kupumua, kwa hiyo chumvi na unyevu hubaki ndani na jiwe la pembeni ndilo linalomomonyoka. Kesho yake utapita kwenye magofu ukitafuta kijivu cha saruji penye weupe wa chokaa, na utajua kilichoharibika kabla hujaambiwa.

Jambo jingine la kushika ni boriti. Mti wa mkoko hauwezi kubeba dari ya chumba chenye upana wa zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya mawe vya pwani ni virefu na vyembamba. Kwa hiyo ukiingia mahali penye upana mkubwa kuliko huo, tazama juu uone wamefanyaje.

Na Msikiti Mkuu ndio mahali pa kutazama juu. Mwombe kiongozi aanzie upande wa kaskazini, hata kama kundi linavutwa na upande wenye kuba. Kaskazini ndiko kwa zamani, karne ya 11 hadi ya 12, ukumbi mdogo uliokuwa na dari tambarare. Upande wa kusini ni nyongeza kubwa ya karne ya 14, paa lake likaporomoka, likajengwa upya karne ya 15 kwa matao na kuba unazoziona leo. Ukianza na nyongeza, hutaelewa kwa nini jengo moja lina mitindo miwili. Viongozi wawili kati ya wale niliotembea nao huanza kaskazini bila kuombwa. Wengine huanzia popote penye kivuli.

Kwenye msikiti mdogo wa kuba, simama chini ya dari usubiri macho yazoee giza. Utaona mashimo ya duara yaliyopangwa: humo zilipachikwa bakuli zenye rangi zilizotoka ng'ambo, na baadhi ya vipande bado vimo. Wengi hupiga picha ya nje na kuondoka. Dakika kumi za hapo zina faida kuliko nusu saa ya Gereza, ngome ya ufukweni, ambalo Wareno walilijengea msingi mwaka 1505 lakini sehemu kubwa inayosimama leo ni ya wakati wa Waomani.

Husuni Kubwa iko mashariki, zaidi ya kilomita moja kutoka Gereza, juu ya jabali. Ni jumba lenye vyumba zaidi ya 100, lililojengwa enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, na halikukamilika. Kila mtu hukimbilia lile birika la pembe nane. Mimi ningeshauri uanze na upande wa nyuma, ule ua mpana wenye vyumba vingi vidogo kandokando, maana huko ndiko biashara ilikokuwa, na bila dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji, na bidhaa za kuhifadhi birika lisingekuwepo. Kiongozi mzuri hukuuliza maji ya birika yalipandaje jabali lile, kisha anakuacha utazame kwanza.

Mazungumzo kuhusu Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, nayo ni mazuri, kwa sababu hayakwepi swali gumu. Alifika Kilwa mwaka 1331, akaandika kwamba majengo ya mji ni ya mbao, na msikiti wa mawe ulikuwepo tayari. Mzungumzaji anakumbusha kwamba watu wengi waliishi kwenye nyumba za miti na udongo, ambazo hazikuacha gofu. Tunachokiona leo ni mji wa wenye nacho. Ningependa sentensi hiyo isemwe mwanzo wa kila matembezi.

Sasa udhaifu. Mazungumzo ya masultani ni orodha ndefu ya majina, na baada ya jina la kumi hakuna anayesikiliza. Kisa cha mgeni kutoka Uajemi kukinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka husimuliwa vizuri sana na wazee, na kinastahili kusimuliwa hivyo, lakini vijana wa kikundi hukigeuza kuwa tukio lenye mwaka wake. Wanaochimba wanaona watu wakiishi pale tangu karibu karne ya 9, kabla ya masultani wa masimulizi, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 kutokana na makaburi ya miji ya pwani umeonyesha mchanganyiko wa Waafrika na watu wa Uajemi. Simulizi na uchimbaji vinaweza kukaa baraza moja, ila kila kimoja kipewe kiti chake. Vilevile zile sarafu 5 za Kilwa zilizookotwa kwenye Visiwa vya Wessel huko Australia mwaka 1944: kikundi huzitaja kama ushahidi kwamba mabaharia wetu walifika huko. Ziliokotwa pamoja na sarafu za Kiholanzi za karne nyingine kabisa, kwa hiyo hazithibitishi nani alizipeleka wala lini. Sarafu zenyewe zinatosha kwa uzuri wake: ndogo, za shaba, na maandishi ya upande mmoja yakikamilisha vina vya upande wa pili.

Kuhusu maji. Siku za bamvuo, yaani siku moja mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji hupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni, na tofauti ya kina hupita mita 3. Siku za maji mafu, karibu tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 za mwezi wa angani, huwa kinyume: asubuhi maji yamejaa, na jioni hayapwi sana. Kutoka Masoko hadi Kisiwani ni mwendo mfupi, kwa tanga au mashine, kwa hiyo kosa la ratiba litakugharimu matope ya magotini tu. Kwa Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia, ni habari nyingine. Chombo kikifika maji yamepwa, utatembea ndani ya maji na tope kupitia mikoko ukiwa na mkoba kichwani, na nahodha akizubaa chombo kinapwelewa mkabaki hapo hadi maji yarudi. Kikundi kiliweka safari ya Songo Mnara siku ya bamvuo, asubuhi. Uliza tarehe ya mwezi kabla ya kulipa. Ikiangukia bamvuo, omba wasogeze wiki moja. Miezi ya kusi iangalie pia, upepo wa mchana hukaza na mashua ya tanga hurudi imelowa.

Usilipe chombo kabla ya kibali. Kibali hutolewa Kilwa Masoko, si kisiwani, na bei ya raia si ya mgeni, kwa hiyo chukua kitambulisho. Kikundi husema watakushughulikia. Hufanya hivyo, lakini ofisi ikichelewa kufunguliwa mnapoteza saa ya baridi. Nenda mwenyewe jana yake. Na vigae vya vyombo vya kale utakavyoviona chini, vya kijani, vya buluu na vyeupe, viache hapo hapo. Kuviondoa ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kigae kilichohamishwa hakina tena la kumwambia mchimbaji.

Kundi likizidi watu 15, wa nyuma hawasikii kitu, upepo wa jabalini unameza sauti. Omba ligawanywe. Vaa viatu vya kufunga, mbigili hazichagui, na chukua maji lita 2 kwa mtu. Kisiwani ni kijiji cha watu: stara ya mavazi, shikamoo kwa wazee, na ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au ua wake. Bibi anayeteka maji kisimani si sehemu ya maonyesho.

Matembezi ya Kilwa Kivinje, bara, ni mafupi na yameandaliwa kwa haraka, isipokuwa Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Hapo wanaeleza vizuri. Kama una siku mbili tu, chukua mazungumzo ya ujenzi na matembezi ya Kisiwani. Kivinje unaweza kwenda mwenyewe kwa basi dogo, na Songo Mnara isubiri maji mafu.