Chupa Nne za Mchanga wa Kijani: Tathmini ya Sanduku la Sampuli za Glaukoniti

Sanduku hili, lililoandaliwa kwa wanafunzi wa jiolojia, lina chupa nne ndogo za punje za glaukoniti, madini ya udongo ya kijani yenye chuma na potasiamu ambayo huundwa kwenye sakafu ya bahari. Baada ya majuma kadhaa ya kuzichunguza kwa hadubini, naona linafaa kununuliwa, ingawa kijitabu chake kina kasoro kubwa.

Uzuri wake umo katika mpangilio: chupa zinafuatana kuanzia punje changa hadi zilizokomaa. Punje za chupa ya kwanza ni za kijani kilichopauka, na nyingi bado zinaonyesha asili yake: vyumba vya magamba ya foraminifera (viumbe vidogo vya baharini vyenye seli moja) na vibonge vya kinyesi cha wanyama wadogo waishio topeni. Nilipozidondoshea siki, baadhi zilitoa mapovu, kwa kuwa chokaa ya gamba ilikuwa haijaisha. Punje za chupa ya nne ni za kijani kinachokaribia weusi, nazo zina nyufa pana zilizopinda, kwa sababu fuwele za ndani ziliota kupita nafasi iliyokuwapo na kuipasua punje. Siki haikuzifanya kitu. Katika safari hiyo chuma hutangulia kujijenga ndani ya udongo, kisha potasiamu ya maji ya bahari huingia polepole, hata kiasi cha oksidi ya potasiamu katika punje kikapanda kutoka kati ya asilimia 2 na 4 hadi kupita asilimia 8.

Kijitabu kinadai kwamba tope hugeuka kijani maji yakikosa oksijeni. Maelezo hayo yanapotosha, kwani maji yanayoizunguka punje kwa kawaida huwa na oksijeni. Inayopungukiwa ni ile nafasi finyu ndani ya gamba, ambamo mabaki ya viumbe huoza, na hupungukiwa kiasi cha kuyeyusha sehemu ya chuma tu, bila salfidi (misombo ya salfa) kuzidi na kukinyakua chote kuwa piriti, madini ya chuma na salfa. Zaidi ya hayo, kijitabu hakisemi neno juu ya kasi ya mashapo (mchanga na tope vinavyotua sakafuni mwa bahari), jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha somo zima. Mashapo yakirundikana upesi, punje hufukiwa, hutengwa na potasiamu ya bahari, na kukomaa kwake hukoma. Ndiyo maana glaukoniti hustawi hasa kwenye kina cha takriban mita 50 hadi 500, mbali na matope ya mito, na punje kama za chupa ya nne huweza kuhitaji mamia ya maelfu ya miaka.

Chupa ya tatu ilikuja na punje kadhaa za rangi ya kutu, bila maelezo yoyote. Nilidhani ni uchafu, lakini nilipoivunja moja kwa sindano nilikuta kiini chake bado kijani: ilikuwa glaukoniti iliyokaa hewani na mvuani, chuma chake kikaoksidika kuanzia nje. Nimezitenga katika kifuniko, ziwe chupa ya tano ambayo mtengenezaji hakuikusudia.