Dakika ishirini hazitoshi: uzoefu wangu na koti la Gustav II Adolf, Stockholm

Nimeingia Livrustkammaren, makumbusho ya silaha na mavazi ya kifalme, mara mbili ndani ya wiki moja, na tathmini hii naiandika kwa sababu ya mara ya pili. Mara ya kwanza nilikwenda na kundi la watu kumi na wawili, kwa tiketi ya nusu siku tuliyouziwa na wakala mmoja wa utalii aliyetuahidi maisha na vita vya Gustav II Adolf, mfalme wa Uswidi wa karne ya 17. Muda karibu wote uliishia kwenye makumbusho ya Vasa, merikebu yake ya vita, kule kisiwa cha Djurgården. Tulipofika kwenye vyumba hivi vya chini ya Kasri la Kifalme, mwongozaji alitazama saa yake, akatuonyesha farasi, akatuonyesha koti, na baada ya dakika ishirini akatutoa. Nilitoka kama mtu aliyealikwa karamu akaishia kunusa pilau, na Jumamosi nikarudi peke yangu.

Vasa siilaumu hata kidogo. Ilizama tarehe 10 Agosti 1628 katika safari yake ya kwanza, baada ya mwendo wa mita 1,300 hivi, ikiwa na mizinga 64, na ikaopolewa mwaka 1961. Ukisimama chini ya tezi yake utabaki mdomo wazi. Lakini merikebu hiyo haikupigana hata siku moja. Inaonyesha mfalme alitamani nini, na anayetaka kujua vita vyake vilikuwaje hana budi kushuka huku kasrini.

Mwaka huohuo wa 1628 ndipo mfalme alipoagiza nguo alizozivaa alipopigwa risasi katika vita vya Poland zihifadhiwe ziwe kumbukumbu ya milele, na kwa agizo hilo Livrustkammaren huhesabiwa kuwa makumbusho kongwe kuliko yote nchini Uswidi. Risasi mojawapo ya mwaka 1627, aliyopigwa huko Dirschau katika vita hivyo vya Poland, ilikwama karibu na shingo na haikuweza kutolewa. Tangu hapo deraya ya chuma ilimuumiza, akawa anaingia vitani na koti la ngozi tu. Jambo hili mwongozaji wetu hakuligusa, ilhali bila hilo koti lenyewe halieleweki.

Koti hilo ni la ngozi nene ya kulungu mkubwa wa misitu ya kaskazini, rangi yake ya manjano iliyofifia, pana kiunoni ili mpanda farasi aweze kukaa. Nilisimama mbele yake karibu nusu saa nikitafuta matundu yake. Alilivaa kwenye mapigano ya Lützen, Ujerumani, tarehe 6 Novemba 1632 kwa kalenda ya Waswidi wa wakati ule, au 16 kwa kalenda tunayoitumia leo. Ukungu ulikuwa mzito, moshi wa baruti ukauongezea, na mfalme mwenyewe hakuwa akiona mbali. Alipokuwa akiongoza wapanda farasi wake alipotelea katikati ya askari wa adui yake, Kaisari Mkatoliki wa Vienna, akapigwa risasi mkononi, kisha mgongoni, akachomwa upanga, akamaliziwa kwa risasi ya kichwa. Alikuwa na umri wa miaka 37. Maadui walimvua koti wakalipeleka Vienna, likakaa huko hadi mwaka 1920, Austria ilipolirudisha kuwa shukrani kwa misaada ya Msalaba Mwekundu wa Uswidi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Farasi wake Streiff, aliyekuwa naye siku ile, amesimama humo humo, ngozi yake ikiwa imejazwa. Watoto humpenda. Mimi nilimwona mdogo kuliko nilivyotarajia.

Kwa anayekwenda bila kusoma chochote, afahamu walau hili: mfalme huyu alirithi kiti cha enzi akiwa kijana mwaka 1611 pamoja na vita vitatu, dhidi ya Denmark, Urusi na Poland. Amani na Denmark aliinunua kwa fidia nzito mwaka 1613, na kwa mkataba wa Stolbovo wa 1617 aliifungia Urusi njia ya Bahari ya Baltiki. Mwaka 1630 alivuka kwenda Ujerumani kuwapigania Waprotestanti, kama alivyosema; mwaka uliofuata Ufaransa, nchi ya Kikatoliki, ilikubali kumlipa riksdaler (sarafu za fedha) 400,000 kila mwaka, kwa hiyo kila mtu na aupime mwenyewe uzito wa neno dini hapo. Ushindi wake wa Breitenfeld, Ujerumani, wa Septemba 1631 ndio uliomfanya aogopwe Ulaya nzima.

Mbele ya koti lile sikuweza kuacha kuifikiria parokia ya Bygdeå, kaskazini mwa Uswidi, iliyotoa vijana 230 kwa vita hivi kati ya 1621 na 1639, na 215 kati yao wakafa. Makoti ya hao hakuna aliyeagiza yahifadhiwe.

Livrustkammaren naipa nyota tano, na ile ziara ya kundi naipa mbili, moja ikiwa ya Vasa. Nenda mwenyewe, jitengee saa mbili, anza kasrini asubuhi, kisha ndipo upande boti kwenda Djurgården. Ukipata nafasi, pita pia kanisa la Riddarholmen alikozikwa mwaka 1634. Kutoka kasrini ni mwendo mfupi wa miguu, ila hakikisha kwanza kwamba siku hiyo liko wazi.