Nilibadilisha kichwa cha gia kwa Prado, nikaambiwa giaboksi imekufa

Wacha nianze na kizuri, kwa sababu nikianza na kile kingine sitafika mwisho. Kichwa cha gia chenyewe ni kizuri sana. Ni mpingo, kimesuguliwa hadi kinang'aa, kinajaa kiganja vizuri, na ukiacha gari juani ukirudi hakikuunguzi kama vile vya alumini. Kijana aliyekichonga anajua kazi. Nyota tano ni zake na naomba mtu asimguse.

Sasa tuongee juu ya gereji.

Prado yangu ni ile ya zamani, injini ya 1KZ, ya mwaka wa 1999, otomatiki, na kichwa cha gia cha kiwandani kilikuwa kimeisha, yaani kinabambuka hadi ukishika unabaki na vipande mkononi. Kwa gari ya manual hii si stori, unazungusha cha zamani kinatoka, unazungusha kipya kinaingia, umemaliza. Otomatiki ya umri huu ina mambo. Hapo kichwani kuna kitufe cha kubonyeza ndio gia itoke kwa P, halafu kuna kingine kidogo cha ovadraivu, yaani cha kuruhusu au kuzuia gia ya nne, na hicho kina waya nyembamba zinashuka kwa liva. Kwa hivyo huwezi tu kupachika kipande cha mti hapo juu ukaenda zako. Kijana alitoboa mpingo akahamishia vitufe vyote viwili ndani, vikatoshea ungedhani vilizaliwa humo. Elfu sita na mia tano, pamoja na kava ya ngozi huku chini. Nililipa bila kubishana, na mimi hubishana hata na mtu wa sukuma wiki.

Lakini kufunga hakufunga yeye. Alifunga mwenye gereji mwenyewe, mbio mbio, simu imebanwa begani, kwa sababu ilikuwa jioni na anataka kwenda zake.

Siku mbili tatu hivi nikazunguka nayo tu hapa mjini, kazini nyumbani, sikusikia kitu. Na ningesikiaje, kwa jam ya Nairobi gia ya nne unaipatia wapi? Halafu wikendi tukapanga kushuka Magadi, mimi na dadangu na watoto wake wawili, chakula tumebeba, maji tumebeba. Kuingia Southern Bypass barabara ikafunguka, nikakanyaga, gari ikaanza kulia. Spidi mia moja tu na sindano ya mizunguko ya injini inagusa elfu tatu na haitaki kushuka. Nikaachilia mafuta, nikakanyaga tena, wapi. Dadangu akauliza, "Hii gari iko sawa?" Nikamwambia iko sawa. Haikuwa sawa. Kulikuwa na taa imewaka kwa dashibodi, O/D OFF, yaani ovadraivu imezimwa, na nilikuwa nimebonyeza kile kitufe mara kumi na taa imekataa kuzimika.

Kufika Kiserian nikaegesha nikapigia gereji. Nikamweleza mwenye gereji taa inawaka, gia ya nne haiingii, na haya yote yameanza baada ya nyinyi kushika hapo. Hakuniacha nimalize. "Madam, hiyo ni giaboksi. Hizo Prado za zamani ndio ugonjwa wao. Ilete Jumatatu, kuna moja hapa imetoka Japani, laki moja na ishirini pamoja na kufunga." Nikamuuliza yeye ameionaje giaboksi akiwa Industrial Area na gari iko Kiserian. Akacheka. Halafu ndio akasema ile kitu imenifanya nikae chini niandike hii yote. "Hebu mpe mzee simu nimuelezee, hizi vitu ziko na mambo mingi."

Mpe mzee simu.

Mzee gani? Logbook iko na jina langu! Hiyo gari nimeinunua mimi na pesa za kuuza nguo Gikomba miaka na miaka, mimi ndio hupeleka servisi, mimi ndio nilikuja hapo kwako nikasimama kwa jua nikieleza kichwa nataka kiwe vipi, na nikakulipa kwa M-Pesa jina langu likatokea kwa simu yako. Halafu unaniitisha mzee. Nilikata simu kwa sababu watoto walikuwa nyuma wanasikiliza, la sivyo wangejifunza maneno mapya.

Sasa pale nilipoegesha kuna babu mmoja hutengeneza magari chini ya mti, sanduku moja la spana, overoli imeshonwa ikashonwa tena. Nikamwita. Hakuniuliza bwana yuko wapi. Aliuliza tu, "Mama, ni nini kiliguswa mwisho?" Nikamwonyesha. Akakisifu kwanza kile kichwa, akakipapasa kama mtu anachagua embe, ndio akatoa bisibisi akafungua akakivuta juu pole pole. Waya mbili za ovadraivu zilikuwa zimebanwa kati ya mti na chuma cha liva, mpira wake umechunika, shaba imelalia shaba. Akanieleza kwamba ukizima ovadraivu, kile kitufe kazi yake ni kuzigusanisha hizo waya, hapo ndio gari inajua isiingie ya nne. Sasa zikigusana zenyewe gari inadhani umezima, hata ubonyeze hadi kesho. Akazitenga, akazizungushia tepu, akazipitisha pembeni, akafunga. Taa ikazimika. Dakika ishirini hivi, na nyingi ya hizo alikuwa anatafuta tepu.

Akasema mia tano. Nikamwambia ngoja kwanza. Nikapigia gereji tena. "Si uliniambia nikupe mzee? Huyu hapa." Nikampa babu simu.

Ya upande ule sikusikia, lakini babu aliongea kwa upole, ule upole wa mwalimu aliyekukuta unaibia mtihani. "Kijana, hizi waya umezibana wewe. Giaboksi haina makosa. Muombe huyu mama msamaha." Akanyamaza kidogo, akanirudishia simu, akasema, "Amekata." Nilimpa elfu moja, na chapati zetu nusu nikamwachia.

Magadi tulifika. Pale barabara inaanza kushuka baada ya Kona Baridi nilizima ovadraivu makusudi, na kwa kona kali nikashukia gia ya 2, gari ikajishikilia yenyewe breki zikapumua. Na mkono wangu juu ya ule mpingo, ah, nisidanganye, ilikuwa raha. Hapo roho ikalainika, nikasema labda niwape nyota tatu, watu hukosea, ilikuwa jioni, simu begani.

Juzi akanitumia ujumbe. "Madam pole kwa usumbufu, karibu tukufanyie servisi." Usumbufu! Hakuna mahali ametaja ile laki na ishirini, hakuna mahali ametaja mzee. Fikiria tu mtu mwingine asiyesimama Kiserian, anaenda benki anachukua mkopo, giaboksi nzima inatolewa inatupwa, na taa bado inawaka. Basi ni nyota moja, na hata hiyo naiweka kwa sababu ya kijana.

Kijana nina namba yake. Kando ya gia kubwa kuna ile liva ndogo ya 4x4, bado ina kichwa cha plastiki na sasa inaonekana kama mtoto wa kambo. Ameniambia kipande cha mpingo kilibaki, Jumapili atakuja kunifungia hapa hapa nyumbani. Hiyo haina waya. Nimeangalia.