Kompyuta Niliyoiunda Mwenyewe Ilikuwa Inajizima: Uzoefu Wangu na Fundi wa Mwanjelwa

Kama uko Mbeya na una kompyuta ya mezani inayowaka halafu inajizima, usikubali kununua kifaa chochote kabla haijapimwa. Mimi nimepata fundi Mwanjelwa anayepima kwanza ndipo aseme, na ameniokolea pesa nyingi. Naandika hapa ili na wengine wasiibiwe kwa kubahatishiwa.

Mashine yangu niliiunda mwenyewe kwa vifaa nilivyoagiza Kariakoo, vikawa vinaletwa kwa basi kimoja kimoja: mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), prosesa, ramu ya GB 16, kadi ya grafiki ya mtumba, na keisi iliyokuja na pawa saplai yake humo humo ndani, yaani kile kifaa kinachogawa umeme kwa vifaa vingine. Nahariri video za harusi na sendofu, kwa hiyo kompyuta ikilala, na mimi silipwi.

Tatizo lilikuja hivi. Nikiandika barua au kusikiliza muziki, inakaa kutwa nzima bila neno. Nikianza kutoa video iliyokamilika, pale prosesa na kadi ya grafiki zinapofanya kazi kwa nguvu kwa pamoja, inakata ghafla. Kioo hakionyeshi kosa lolote. Na ikishakata, hata ubonyeze swichi mpaka kidole kiume, haiwaki mpaka uchomoe waya ukutani, usubiri kidogo, uchomeke tena.

Duka la kwanza nililoipeleka wakasema mazabodi imekufa, ninunue nyingine. Keisi hawakuifungua. Nilipouliza wamejuaje, mmoja akabadilisha: basi ni joto. Ilikuwa Julai, wakati ambao huku kwetu watu hawavui masweta mchana kutwa. Ni kweli joto linaweza kuzima kompyuta hata kwenye baridi, feni ikisimama au pesti ya prosesa (ile inayosaidia kutoa joto lake) ikikauka, lakini hilo linapimwa, halikisiwi. Nikabeba keisi yangu nikaondoka.

Fundi wa Mwanjelwa alianza kwa kuuliza. "Dada, inazima ukiwa unafanya nini? Inajiwasha yenyewe au inagoma kabisa?" Nilipomjibu, akaanza kunieleza huku akifungua skrubu. Kompyuta ikizima sekunde moja au mbili tu baada ya kuwashwa, yeye hutafuta shoti: skrubu iliyoangukia nyuma ya mazabodi, kinguzo (kile kidogo cha chuma kinachoshikilia mazabodi) kilichofungwa mahali ambapo mazabodi haina tundu, au swichi ya keisi iliyonasa. Huangalia pia kama ile waya ya pini nane ya prosesa imechomekwa ikaingia sawasawa. Ikikaa dakika kadhaa huku joto linapanda, anaangalia feni na pesti. Lakini ikikata inapopewa mzigo na kugoma mpaka ichomolewe, anaanza kushuku pawa saplai, kwa sababu nyingi zina ulinzi unaokata na kujifunga mpaka umeme uondolewe.

Hata hivyo hakuishia kwenye kushuku, na hapa ndipo nilipompenda. Alitoa kadi ya grafiki, akachomeka kioo kwenye mazabodi yenyewe, akaipa prosesa kazi nzito. Ikakaa. Joto la prosesa lilifika nyuzi 68, wakati prosesa nyingi hujizima zikikaribia 100. Joto likatoka kwenye orodha. Akarudisha kadi, akaweka ncha za mita kwenye waya ya njano, ndiyo ya volti 12, na nyeusi, akaanzisha video yangu mwenyewe. Ikiwa imetulia, mita ilisoma volti 11.9. Mzigo ulipoingia ikashuka mpaka 11.2, kisha giza. Akaniambia kiwango kinachokubalika ni asilimia 5 juu au chini ya volti 12, yaani haitakiwi kushuka chini ya 11.4.

Kisha akanionyesha lebo. Ubavuni imeandikwa kwa maandishi makubwa wati 600. Kwenye jedwali dogo chini yake, laini ya volti 12 ina ampea 25. Zidisha mwenyewe: wati 300. Na prosesa na kadi ya grafiki zinakula hasa kwenye laini hiyo hiyo! Hizo 600 zilikuwa za kupendezesha boksi tu, na jambo hili linanikera mpaka leo, maana wanaonunua keisi za aina hiyo ni wanafunzi na vijana wanaojichangisha kwa shida.

Mwisho akachomeka pawa saplai yake ya kupimia. Video ikatoka yote, mita haikuteremka chini ya 12. Mazabodi niliyoambiwa imekufa ndiyo hii hii ninayoandikia sasa.

Hakuniuzia kitu. Alinifundisha nikifika dukani niulize ampea za volti 12, nisiulize wati peke yake. Nikapata ya wati 550 yenye ampea 45 kwenye laini hiyo na alama ya 80 Plus Bronze, ambayo inaonyesha haipotezi umeme mwingi. Za mtumba zinazotolewa kwenye kompyuta za ofisini alinikataza, kwa sababu baadhi soketi zake haziendani na mazabodi za kawaida. Ile pawa saplai yangu mbovu naye hakuifungua wala hakuniruhusu kuigusa ndani: kapasita zake (vipande vinavyohifadhi umeme) zinaweza kubaki na umeme wa hatari hata waya ikiwa imechomolewa. Vijana mnaopenda kufungua fungua, tafadhali lisikieni hilo.

Tangu hapo natoa video za saa nzima na haijakata. Jioni umeme wa mtaani kwetu ukishuka nafanya kazi kupitia stebilaiza, na hilo nalo alinishauri yeye.

Kasoro yake moja: hatoi risiti mpaka umwombe, na ukiomba anaandika kwa haraka bila kutaja alichopima. Mwambie aandike volti alizosoma, hakatai. Kupima ni shilingi 15,000, unalipa hata kama hununui chochote, na kwa kazi ile naona ni haki yake. Jumapili hafungui. Ukienda, beba keisi na waya wake wa umeme tu, kioo na kibodi anavyo.